Nusu ya Barua

Dobi aliamka mapema kuliko majirani zake wote. Kwanza alipiga magoti akasali. Kisha aliteka maji, akaloweka nguo za wateja, akatia mkaa kwenye pasi.

Aliishi peke yake katika chumba kimoja kilichotazama barabara. Nje ya mlango kulikuwa na benchi. Akikaa pale kupumzika, upande wake wa kulia kulikuwa na ukuta wa ghala. Ukuta huo ulikuwa mrefu, wa kijivu, bila hata dirisha moja. Watu wote walikuwa upande wa kushoto. Huko kulikuwa na fundi viatu, hatua sita tu kutoka kwenye benchi. Huko kulikuwa na bomba la maji, na wanawake na ndoo zao.

"Bi Dobi, umeamkaje?" fundi viatu aliuliza kila asubuhi.

"Nimeamka na miguu yote miwili, Fundi. Na wewe?"

"Mimi nimeamka na viatu vya watu."

Utani ulikuwa ule ule kwa miaka kumi na tisa. Hakuna aliyeuchoka.

Dobi hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na dada yake mkubwa, aliyeishi mbali, safari ya siku mbili. Zamani waliishi pamoja, na walijifunza kusoma na kuandika wakiwa watu wazima. Kila jioni walikwenda darasani na daftari moja na kalamu moja, wakipokezana. Sasa dada alikuwa kiziwi. Simu haikumsaidia kitu. Kwa hiyo waliandikiana barua. Kila barua ilimalizika kwa dua. Dobi aliziweka zote kwenye kopo la biskuti, na siku za huzuni alizisoma upya.

Asubuhi moja Dobi alikuwa akipiga pasi shati jeupe. Ghafla mkono wake wa kushoto ulikataa kushika nguo. Ulining'inia kama soksi iliyolowa. Aliweka pasi chini, akatoka mlangoni, akamwita jirani yake.

"Fu... fuu..."

"Bi Dobi, mbona unaongea kama umebugia uji wa moto?" fundi viatu alisema akicheka. Kisha alimtazama usoni. Mdomo wake ulikuwa umepinda. Fundi aliacha kucheka. Hakusubiri aone kama hali itapita. Alisimamisha gari la kwanza, akampeleka hospitali saa ile ile.

"Ni kiharusi," daktari alisema. "Mmefanya vizuri kuwahi. Mama, ulikuwa unatumia dawa za presha?"

Dobi alikuwa ameziacha miezi mitano nyuma. Alijiona mzima, akadhani hazina kazi tena.

Baada ya majuma matatu alirudi nyumbani. Mdomo ulikuwa umenyooka. Alitembea taratibu, akiburuta kidogo mguu wa kushoto. Mkono wa kushoto ulikuwa dhaifu, lakini wa kulia ulikuwa na nguvu zake zote.

"Mshukuru Mungu," wanawake wa bombani walimwambia. "Mkono wa kuandikia na wa kupigia pasi amekuachia."

Siku hiyo hiyo Dobi alichukua karatasi akamwandikia dada yake. Alimweleza yote. Aliandika ukurasa mzima. Ndivyo alivyoona yeye. Aliitia barua kwenye bahasha, fundi viatu akaipeleka posta.

Baada ya hapo, maisha yakawa ya ajabu.

Dobi alikula, chakula kikaisha, lakini njaa ikabaki. Akiinua sahani kwenda kuiosha, alikuta chakula kingine juu yake. Alijiuliza nani anaingia chumbani kumwekea chakula bila hodi.

Alikaa kwenye benchi, na hakuna aliyekuja kuzungumza naye. Alisikia sauti za watu, hata jina lake, lakini aligeuka kulia akaona ukuta tu. Akadhani watu wanamzungumzia wao kwa wao.

Upande wa pili, fundi viatu alikuwa na hasira yake.

"Bi Dobi, umeamkaje?" alisema siku ya kwanza. Dobi alitazama ukuta.

"Bi Dobi!" alisema siku ya pili. Dobi alitazama ukuta.

Siku ya tano fundi aliinamia kiatu chake akanyamaza.

"Amekuwa na maringo," mwanamke mmoja alisema bombani. "Nilimpungia mkono, akaniacha kama jiwe."

"Na sisi ndio tulimwoshea shuka alipokuwa hospitali!"

"Mwacheni na ukuta wake."

Basi wakamwacha. Dobi alisikia kimya kikizidi siku hadi siku. Akapiga magoti, akauliza, "Ee Mungu, nimewakosea nini watu hawa?" Kisha akainuka, akahesabu siku. Alijiambia kwamba hata wakimwacha wote, dada yupo. Barua ya dada itakuja.

Ilikuja baada ya miezi miwili. Fundi viatu aliitoa posta, akaja akaiweka mapajani pa Dobi, akaondoka bila neno.

Dobi aliingia ndani, akafunga mlango, akafungua bahasha. Aliujua mwandiko ule, herufi kubwa kubwa, maneno machache kila mstari. Alisoma mara moja. Akasoma tena. Kisha akaketi sakafuni.

Dada alikuwa amemchoka. Alikuwa ameandika hivyo waziwazi. Wala hakumalizia kwa dua.

Dobi hakuiweka barua ile kwenye kopo la biskuti. Aliikunja, akaificha kwenye mfuko wa gauni. Tangu siku hiyo hakugusa kalamu. Jioni alisali, lakini alipofika mahali pa kumtaja dada, aliparuka akasema amina.

Siku moja fundi viatu alikuja mlangoni na shati mkononi. Alisimama mbele yake kabisa.

"Bi Dobi, kununa unune, lakini kazi ni kazi. Nimekupa shati moja, umenirudishia mawili. Upande huu unakwenda harusini. Upande huu umetoka kulala jalalani."

"Nimelinyoosha lote, Fundi."

"Lote? Tazama!"

Alilitandaza shati juu ya meza. Mkono wa kulia wa Dobi ulilipapasa. "Limenyooka," alisema. Fundi alilizungusha shati, upande wa kushoto ukawa wa kulia. Dobi alishtuka.

"Nani amelikunja?"

Fundi alitaka kujibu kwa ukali. Ndipo akauona mkono wa kushoto wa Dobi. Ulikuwa umelala mezani, karibu na pasi ya mkaa. Mgongoni mwa kiganja kulikuwa na kidonda cha moto, kikubwa, kibichi.

"Bi Dobi, huo mkono umeungua lini?"

"Mkono upi?"

Fundi alihamisha pasi kwanza. Kisha alikaa kwenye kiti, akamtazama. Hasira yake yote ilikuwa imekwisha.

"Vaa viatu," alisema. "Twende zahanati. Hili si jambo la maringo."

Huko zahanati, muuguzi alisafisha kidonda akakifunga. Kisha aliwapeleka chumba cha pili, kwa mwanamke mmoja kijana. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wagonjwa kurudia shughuli zao za kila siku. Watu walimwita Mtaalamu. Alikaa mbele ya Dobi, akampa karatasi na kalamu.

"Mama, nichoree shati."

"Shati? Hilo nalijua kuliko jina langu."

Dobi alichora haraka. Alichora nusu ya kola, vifungo, na mkono mmoja.

"Limekamilika?"

"Limekamilika. Limebaki kupigwa pasi tu."

Mtaalamu aliigeuza karatasi juu chini, akaisogeza kulia. Dobi aliitazama kwa muda mrefu.

"Mwenye shati hili," alisema polepole, "mkono wake mwingine ataupitisha wapi?"

"Sasa niandikie maneno haya: Mama amemaliza kazi mapema."

Dobi aliandika. Alianzia katikati ya karatasi, si mwanzoni. Mstari ulipanda juu kama moshi. Maneno yalibanana ukingoni, mengine yalipandiana. Kila m ilikuwa na miguu minne au mitano.

"Hizi m zimeota miguu kama tandu," fundi viatu alisema. Kisha akaona haya. "Samahani, Bi Dobi."

Dobi hakucheka. Aliuliza kwa sauti ndogo lile lililokuwa likimtisha.

"Mwanangu, nimerukwa na akili?"

"Hapana, mama. Wala hukulogwa. Nisikilize. Kiharusi ni nini? Damu huzuiwa njia, au mshipa hupasuka ndani ya kichwa. Sehemu ya ubongo ikikosa damu, inaumia. Kwako imeumia upande wa kulia. Na upande wa kulia wa ubongo ndio unaoangalia upande wa kushoto wa mwili, na vitu vilivyo kushoto kwako."

"Basi macho yangu yameharibika?"

"Nimesoma kwenye kadi yako ya hospitali, yalipimwa. Ni mazima. Ubongo ndio umesahau kuyatuma kushoto. Kwa hiyo unakula nusu ya sahani, unanyoosha nusu ya shati. Na mkono wa kushoto ukiungua, hujui."

"Lakini mkono wa kuandikia haukuguswa," fundi viatu alisema. "Mbona mwandiko umeharibika?"

"Mzee, kuandika si kazi ya mkono peke yake. Ubongo lazima ujue ukurasa unaanzia wapi, na mstari umelala wapi. Lazima uache nafasi kati ya neno na neno. Lazima ukumbuke mguu wa m umekwisha kuchorwa, usichorwe tena. Mkono ni mtumishi tu. Anayeupa maagizo ndiye aliyeumia."

"Na kwa nini mimi mwenyewe sikujua?" Dobi aliuliza.

"Hapo ndipo pagumu, mama. Ubongo uliosahau upande mmoja hausemi kwamba umesahau. Wewe unaiona dunia nzima, haina pengo."

Fundi viatu alivua kofia yake akaikunja.

"Kwa hiyo zile salamu zangu..."

"Ulikuwa unakaa upande gani?"

"Kushoto. Miaka kumi na tisa, kushoto."

"Hakukununia, mzee. Salamu zako zilitua mahali asipopatazama."

Fundi alijifuta uso kwa kofia.

Mtaalamu akauliza, "Mama, una kitu chochote cha kusoma hapo? Nataka nisikie unavyosoma."

Dobi aliingiza mkono mfukoni, akasita. "Ninayo barua. Lakini ni barua ya kufukuzwa."

"Kama inakuumiza, tutatafuta kitabu."

"Hapana. Bora mtu mmoja aisikie." Aliikunjua, akasoma kwa sauti iliyokauka:

"Imenishinda. Nimekuchoka. Sitaki kukuona. Nimekusahau. Usiniandikie tena. Nitakaa kimya. Dada yako."

Fundi viatu alikuwa amesimama nyuma yake, akitazama karatasi juu ya bega lake.

"Bi Dobi," alisema, "mbona huanzii mwanzo?"

"Nimeanzia mwanzo."

Mtaalamu alisogea akaiona barua. Alishika kalamu nyekundu. "Ngoja niichoree mstari mwekundu upande wa kushoto. Utautafuta mstari huo kwanza, ndipo..."

"Usiichore!" Dobi aliishika barua kifuani. "Hata kama ananichukia, ni mwandiko wa dada yangu."

Fundi viatu alijipapasa mifukoni. Alitoa kibonge cha uzi mwekundu, ule wa kushonea viatu vya watoto. Alikata kipande kwa meno. Akakilaza kwenye ukingo wa kushoto wa barua, akakishika kwa vidole viwili, juu na chini.

"Mama," Mtaalamu alisema, "usisome bado. Tafuta uzi kwanza. Geuza kichwa. Bado. Bado kidogo. Usisimame mpaka uone wekundu."

Kichwa cha Dobi kilikuwa kizito kama mlango uliovimba kwa mvua. Kiligoma, kikasogea, kikagoma tena. Jasho lilimtoka. Kisha akauona uzi, na pembeni ya uzi akaona maneno ambayo hakuwahi kuyaona. Aliweka kidole hapo, akasoma, mstari mmoja baada ya mwingine. Kila mstari ulipokwisha, Mtaalamu alisema, "Rudi kwenye uzi." Akarudi.

Barua ilisema hivi:

Barua yako kuisoma imenishinda.
Mdogo wangu, usidhani nimekuchoka.
Asikudanganye mtu kuwa sitaki kukuona.
Hata siku moja sijasema nimekusahau.
Kama mkono unauma, usiniandikie tena
mpaka upone. Wala sidhani nitakaa kimya.
Niite tu, naja. Mungu akulinde. Dada yako.

Dobi alirudia mstari wa mwisho. "Dua ipo," alisema. "Ilikuwepo tangu mwanzo."

Akalia. Hawakumharakisha.

Mtaalamu alimpangia siku mbili za mazoezi kila juma. Alimkataza kushika pasi ya mkaa kwanza, mpaka atakapoweza kuutunza mkono wa kushoto. Alimwambia aweke kitambaa chekundu upande wa kushoto wa meza, na azungushe sahani kabla ya kusema ameshiba.

"Na vidonge vya presha, mama, hata ukijisikia mzima, usiviache. Kiharusi kinaweza kurudi. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikorogeka, msingoje hata kidogo. Mkimbilie hospitali, kama mzee alivyofanya."

"Nitapona kabisa?"

"Wengi hupata nafuu kubwa, hasa miezi ya mwanzo. Wengine hubaki na kidogo. Siwezi kukuahidi yote, mama. Mazoezi ndiyo ninayoweza kuyaahidi."

Fundi viatu alikwenda bombani akawaeleza wanawake. Wengine waliinamisha vichwa. Kesho yake mmoja alikuja, akasimama mbele ya Dobi kwanza, akamgusa bega, kisha akahamia taratibu kushoto akisema, "Nifuate kwa macho, Bi Dobi. Nifuate. Haya, umenipata!" Ikawa ndivyo walivyomsalimia wote.

Lakini kuandika kulikuwa kugumu. Dobi alibandika uzi mwekundu kwenye ukingo wa karatasi, akajaribu. Maneno yalikimbilia kulia. Alichana, akajaribu tena. Siku nyingi aliketi peke yake mezani, mlango wazi, karatasi mbele yake, asiandike hata neno. Kabla ya kila jaribio alisali kwa kifupi: "Bwana, nionyeshe mwanzo."

Juma la nne alipata maneno mawili. Yalianzia pale pale kwenye uzi, yakalala sawasawa. Ilimchukua asubuhi nzima. Hakuongeza kitu, akaogopa kuyaharibu.

Dada, njoo.

Siku ya kumi na mbili baada ya barua kutumwa, Dobi alikuwa kwenye benchi. Hakusikia hodi, kwa maana dada yake hakupiga hodi. Kiziwi hupoteza mazoea hayo. Dada alisimama na begi lake kushoto kwa benchi, akisubiri kutazamwa. Hakujua atasubiri mpaka lini.

Fundi viatu alifungua mdomo ili aseme, kisha akaufunga. Aliona kichwa cha Dobi kikianza kugeuka. Kilikwenda polepole, kikapita mlango, kikapita ndoo, kikafika.

"UMEKONDA!" dada alipaza sauti, kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe. Mtaa mzima ulicheka. Dobi naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu kiharusi, huku machozi yakimtoka.

Dada alikaa siku tisa. Alikalia benchi upande wa kushoto, kama Mtaalamu alivyoshauri. Kwa kuwa hasikii, kila jambo Dobi alimwandikia kwenye daftari lenye uzi mwekundu. Unataka chai? Umelala vizuri? Mguu unauma? Kutwa waliandika, kama zamani darasani, wakipokezana kalamu moja. Dada alikagua kila neno.

"Hii m ina miguu minne!" alipaza sauti. "Kata mmoja, si meza hii!"

Dobi alikata. Siku ya tisa hakukuwa na mguu wa kukata.

Kisha dada alifunga begi. Alikuwa na wajukuu wa kulea. Waliomba pamoja mlangoni, wakashikana mikono, mkono wa kushoto wa Dobi ukiwa ndani ya mikono miwili ya dada. Gari likaja, likaondoka.

Jioni ile Dobi aliketi kwenye benchi. Kulia kulikuwa na ukuta wa ghala. Bila kuambiwa na mtu, aligeuza kichwa kushoto. Nafasi ya dada ilikuwa tupu. Aliitazama kwa muda mrefu. Miezi michache iliyopita asingejua hata kwamba kuna mtu hayupo. Sasa alijua, na ilimuuma, na alimshukuru Mungu kwa maumivu hayo.

"Bi Dobi, umeshindaje?" fundi viatu aliuliza.

Dobi alimtafuta kwa macho mpaka akampata. "Nimeshinda na pande zote mbili, Fundi."

Kisha alifungua daftari, akapapasa mpaka kidole kikagusa uzi, akaweka kalamu hapo.

Dada yangu, aliandika.